Kiboko, Bi Pimbi na Fomu ya Udongo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na mto!

Na mtoni mna nini?

— Mna masikio mawili!

Masikio ya nani?

— Hatujui, mwenyewe kazama!

Haya, kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, sogea mbele, lakini usimkanyage mwenzako. Leo tunakwenda Bonde la Mpunga.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaajiriana, aliishi mnyama mdogo aitwaye Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnene kama kikapu kidogo, hana mkia, na anapenda kukaa juu ya miamba. Ukimwona amelala juani utadhani ni jiwe lililoota manyoya. Lakini Mungu alipomnyima mkia, alimpa sauti. Pimbi akipiga kelele, hata aliye ng'ambo ya mto huangusha kijiko.

Kwa sauti hiyo Bi Pimbi alipata kazi. Bondeni palikuwa na shamba kubwa la mpunga, na mwenye shamba alikuwa Bwana Kiboko. Mpunga ulipoanza kuiva, kweleakwelea walikuja kwa maelfu, wingu zima lenye midomo. Kazi ya Bi Pimbi ilikuwa kuamia ndege, yaani kushinda shambani tangu jua linachomoza mpaka linazama, na kuwafukuza.

Kweleakwelea wakitua upande huu, Bi Pimbi: "Kwiii-kwi-kwi-kwi!" Ndege: fuuu!

Wakitua upande ule, Bi Pimbi: "Kwiii-kwi-kwi-kwi!" Ndege: fuuu!

Akafanya hivyo msimu wa kwanza. Akafanya hivyo msimu wa pili. Akafanya hivyo misimu kumi na miwili. Siku ya mwisho ya msimu wa kumi na mbili alifungua kinywa, ikatoka: "Hiiii..." kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta.

Kweleakwelea wakatazamana. Mmoja akamsogelea kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Umesemaje?"

Hapo Bi Pimbi akajua kazi imekwisha. Alikwenda kumuaga Bwana Kiboko. Bwana Kiboko akamwambia, "Asante kwa utumishi wako," akampa zawadi ya tete moja la mtoni, limeliwa nusu.

Sasa, watoto, bondeni kulikuwa na desturi nzuri. Kila mavuno, mfanyakazi akilipwa mpunga wake, pishi moja haikwenda nyumbani. Ilipelekwa Ghala la Bondeni, ikawekwa kwa jina lake, kwa ajili ya siku ambazo magoti yatauma na sauti itakatika. Bi Pimbi alikuwa na pishi kumi na mbili. Na siku hizo zilikuwa zimefika.

Dada yake alikuwa amemtumia salamu kutoka mwambani: "Dada, njoo tuzeeke pamoja. Ila mwaka huu huku hakuna kitu, nyasi zimekauka hadi mizizi. Ukija, njoo na cha kwako." Naye Bi Pimbi alikuwa amejibu, "Nakuja, na sitakuja mikono mitupu."

Basi akaenda kwa Mzee Kobe, msimamizi wa ghala. Mzee Kobe alikuwa mwaminifu sana, ila alizungumza kama anavyotembea.

"Mzee Kobe, shikamoo."

"Mara... haba... Bi... Pimbi."

"Nataka akiba yangu ihamishwe, itoke hapa iende Ghala la Mwambani."

"Akiba... yako... ipo. Lakini... ku... ihamisha..."

Nitawaambia kwa haraka aliyoyasema, maana tukimfuata mwenyewe tutalala hapa. Alisema inahitajika fomu. Na fomu ya bondeni haikuwa karatasi. Ilikuwa udongo mbichi uliokandwa, ukatandazwa juu ya jani la mgomba, mpana kama sinia. Mwajiri wa zamani lazima aikanyage kwa mguu wake wa mbele wa kulia, na lazima aseme mbele ya msimamizi wa ghala: "Huyu alikuwa wangu." Udongo ukikauka kabla hajaukanyaga, fomu hiyo imekufa. Unakwenda kukanda nyingine.

"Na asipokanyaga kabisa?" akauliza Bi Pimbi.

"Likidondoka tone la kwanza la masika, akiba ya aliyeacha kazi, isiyo na unyayo, hurudi kwa mwajiri," akasema Mzee Kobe.

"Heee! Nani alitunga kanuni hiyo?"

"Bwana Kiboko. Alijitolea."

Bi Pimbi akatazama juu. Kulikuwa na wingu moja dogo, limekaa kama mgeni aliyefika mapema.

Akachimba udongo. Akaukanda. Tapa, tapa, tapa. Akautandaza juu ya jani, akajitwika, akashuka mtoni.

Mchana Bwana Kiboko hukaa ndani ya maji. Nje hubaki masikio mawili, macho mawili na kipande cha mgongo. Juu ya kipande hicho cha mgongo alisimama katibu wake, Yangeyange, ndege mweupe mwenye shingo ndefu na sauti ya ofisini.

"Hujambo, Yangeyange. Nina shida na bosi."

"Bosi hayupo."

"Hayupo?"

"Ametoka."

"Mbona umemsimamia mgongoni?"

Yangeyange akatazama miguu yake. "Hili ni jiwe."

"Jiwe lina masikio?"

Masikio yakajipiga piga, pepe-pepe! Kisha jiwe lote likazama: chubwi! Yangeyange akabaki hewani anapiga mabawa, pa-pa-pa-pa, huku akijitahidi kuonekana kama katibu.

"Kama nilivyosema," akasema, "bosi hayupo. Jaribu kesho."

Bi Pimbi akakaa ukingoni kusubiri. Mapovu yakapanda: bwuku, bwuku, bwuku. Jua likawaka. Jioni udongo ukapasuka: ta! ta! ta! Fomu imekufa.

Na kuna jambo lilimuuma kuliko yote. Ukingo mzima wa mto ulijaa nyayo za Kiboko. Nyayo huku, nyayo kule, nyayo kubwa kama masinia, mia na mia. Kila usiku alipotoka kwenda kula majani alikanyaga kila mahali. Mahali pamoja tu hakupakanyaga.

Siku ya pili Bi Pimbi akachimba udongo. Akaukanda. Tapa, tapa, tapa. Akajitwika, akashuka mtoni.

"Hujambo, Yangeyange. Bosi yupo?"

"Yuko kwenye kikao."

"Na nani?"

"Na... na nafsi yake. Ni kikao kizito."

"Nitasubiri."

"Hakuna haja ya kusubiri, Bi Pimbi. Acha fomu yako hapa, tutaishughulikia." Yangeyange akanyoosha bawa. "Fomu zote huwekwa pale."

"Pale ni majini."

"Ndiyo. Ni ofisi ya bosi hiyo."

Bi Pimbi alikuwa mstaarabu, na amri ya ofisi ni amri ya ofisi. Akaiweka fomu pale alipoonyeshwa. Fomu ikasema nyuuuu, ikayeyuka, ikawa rangi kidogo ndani ya mto, kisha hata rangi ikaondoka.

"Imepokelewa," akasema Yangeyange.

Kutoka chini ya maji ikasikika sauti ya mtu anayecheka huku amefunga mdomo: bwu-bwu-bwu-bwu!

Bi Pimbi akatazama juu. Wingu lilikuwa limeita ndugu zake.

Siku ya tatu akachimba udongo. Akaukanda. Tapa, tapa, tapa. Mikono ilimuuma, na goti la kushoto likawa linasema ki-ki-ki kila akipiga hatua. Akashuka mtoni na kabla Yangeyange hajafungua mdomo, yeye akaanza.

"Bwana Kiboko! Najua upo. Naomba unyayo mmoja tu. Hutapungukiwa na kitu, mguu utarudi nao nyumbani."

Maji yakafunguka. Bwana Kiboko akatoa kichwa chote, akapiga mwayo. Mwayo wa kiboko, watoto, unaweza kuegesha mkokoteni ndani yake. Alipomaliza, hakumtazama Bi Pimbi. Alimtazama katibu.

"Yangeyange, nani huyu?"

"Ni Bi Pimbi, bosi. Yule wa ndege."

"Simjui."

"Bosi!" akasema Bi Pimbi. "Misimu kumi na miwili!"

"Mwambie simjui. Mwambie hajawahi kufanya kazi kwangu. Wanakuja hapa kila siku, huyu anasema alichimba, yule anasema alipalilia. Siwajui wote. Mimi sijawahi kuwa na mfanyakazi." Akatazama mawingu, akatabasamu na meno yote. "Mwambie arudi baada ya mvua."

Bi Pimbi alisimama pale na sinia lake la udongo kichwani. Machozi yalimfika machoni. Alimfikiria dada yake amekaa mlangoni kwake mwambani, anatazama njia. Kisha akayaona yale maneno ya Kiboko kama mtu anavyoona shimo kwenye ua wa jirani. Machozi yakarudi yalikotoka.

"Bosi," akasema kwa upole, "masikio yangu nayo yamezeeka. Rudia nisikie vizuri. Mimi sikuwahi kulinda mpunga wako?"

"Hujawahi!"

"Na hakuna aliyewahi kukuchimbia mifereji?"

"Hakuna!"

"Wala kukupalilia?"

"Hakuna, hakuna, hakuna!"

"Asante sana, bosi. Umenisaidia mno."

Bwana Kiboko akashangaa kidogo. Hakuwa amezoea kushukuriwa. Lakini kushangaa kunachosha, akazama zake: chubwi!

Bi Pimbi akapanda moja kwa moja hadi ghalani.

"Mzee Kobe, nina swali. Shamba linajulikanaje ni la nani?"

Mzee Kobe akafumba macho, akazitafuta kanuni kichwani mwake, moja baada ya moja. Bi Pimbi akangoja. Akaondoa miiba miwili kwenye manyoya. Akangoja tena.

"Kwa... kazi," akasema Mzee Kobe mwishoni. "Shamba... ni la yule... ambaye wafanyakazi wake... walilihudumia."

"Na kama bwana mwenyewe anasema hakuwahi kuwa na mfanyakazi hata mmoja?"

Mzee Kobe akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

"Basi... hana... shamba," akasema. "Linapimwa... linagawiwa... kwa anayetaka... kulima."

"Naomba kesho adhuhuri uje shambani, ulisikilize jambo hilo. Utaweza kufika?"

"Nitaanza... sasa hivi."

Jioni ile Bi Pimbi alipita nyumba kwa nyumba. Alimkuta Ndezi, panya mkubwa wa mashambani, aliyechimba mifereji ya maji hadi kucha zake zikaisha. Naye aliambiwa "Simjui." Alimkuta Kanga, aliyepalilia hadi madoadoa yake yakapauka. Naye aliambiwa "Simjui." Akawakuta na wazee wengine saba. Bi Pimbi akamwambia kila mmoja neno lile lile: "Kesho njoo na udongo mbichi. Udongo mwingi."

Mwisho akapita kwa Ngiri. Ngiri alikuwa jirani wa shamba, ana mke na watoto tisa, na kila siku alilitazama lile shamba kama mtoto anavyotazama maandazi ya dukani.

"Baba Ngiri, una kamba ya kupimia?"

"Ninayo."

"Kesho adhuhuri kuna shamba halina mwenyewe."

Ngiri akaikimbilia kamba. Alilala na kamba shingoni.

Kesho yake adhuhuri jua lilikuwa limejificha. Mawingu yalijaa mbingu, meusi, yamevimba, yanasubiri nani aanze. Wazee tisa na Bi Pimbi walikuwa wamepanga fomu zao kando ya shamba, udongo mbichi juu ya majani ya mgomba, mstari mmoja. Mzee Kobe akafika, anahema. Ngiri akaingia shambani na kamba, mkia juu, na nyuma yake watoto tisa, mikia juu.

"Moja!" akapiga kelele Ngiri, anavuta kamba. "Mbili! Tatu! Hapa nitapanda viazi. Nne! Tano! Hapa mama watoto atapanda kunde!"

Mtoni masikio mawili yakainuka.

"Yangeyange, kelele gani hizo?"

Yangeyange akanyoosha shingo. "Ni Ngiri, bosi. Anapima shamba."

"Shamba gani?"

"Lako, bosi. Yaani... Wanasema si lako."

Kabla hajamaliza, jiwe liliinuka na katibu juu yake. Maji yalimwagika pande zote, shwaaa! Bwana Kiboko akapanda ukingo mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Ndi! Ndi! Ndi! Ardhi ikatikisika, udongo ukatetemeka juu ya majani.

"Nani anapima shamba langu?"

"Shikamoo, bosi," akasema Bi Pimbi. "Samahani, si lako. Umesema mwenyewe jana. Mwenye shamba la mpunga huwa na mlinzi wa ndege. Wewe hukuwa naye."

"Nilikuwa naye!"

"Nani?"

Bwana Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto.

"Thelathini na moja!" akaita Ngiri. "Thelathini na mbili! Hapa nitajenga choo!"

"Wewe!" akanguruma Kiboko.

"Mimi nani, bosi? Hunijui."

"Nakujua sana! Wewe ni Bi Pimbi! Ulikaa pale, kwenye kile kichuguu, unapiga kelele hadi nilikuwa sipati usingizi! Misimu kumi na miwili!"

"Masikio yangu, bosi. Sema kwa nguvu, na Mzee Kobe asikie."

"HUYU ALIKUWA WANGU!"

"Nimesikia," akasema Mzee Kobe, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kupumzika katikati.

"Basi kanyaga hapa, bosi," akasema Bi Pimbi, "Ngiri asije akabisha."

Pwaa! Mguu ukatua.

"Huo... wa... kushoto," akasema Mzee Kobe.

Fomu imekufa. Lakini anayekanda fomu siku tatu hujifunza kukanda na ya akiba. Akavuta jani la pili kutoka nyuma yake, akalisukuma mbele.

"Wa kulia, bosi. Ngiri anatazama."

Pwaa! Vidole vinne, vizuri kama vimechorwa.

Sasa Ngiri akaona shamba linamponyoka, akaja mbio. "Ngoja kwanza! Mlinzi ni mmoja tu. Na mifereji alichimba nani? Kama mchimbaji si wako, mifereji si yako. Nitachukua mifereji!"

"Ndezi alichimba!" akasema Kiboko. "Huyu alikuwa wangu!"

Ndezi akasogeza jani lake. Pwaa!

"Na palizi?" akasema Ngiri, karibu kulia. "Kama mpaliliaji si wako, matuta si yako. Nitachukua matuta!"

"Kanga alipalilia! Huyu alikuwa wangu!"

Pwaa!

"Na aliyepanda?"

"Wangu!" Pwaa!

"Na aliyevuna?"

"Wangu!" Pwaa!

"Na aliyepeta?"

"Wangu, wangu, wangu!" Pwaa, pwaa, pwaa!

Akaenda hivyo mstari mzima, jasho linamtoka, anakanyaga na kupiga kelele, hadi majani yakaisha. Alipofika mwisho bado alikuwa na hasira iliyobaki. Akamgeukia Ngiri, akasema, "Na wewe ni wangu!" akatafuta udongo wa kukanyaga, hakuuona.

Mzee Kobe akatazama mawingu. Kisha, watoto, likatokea jambo ambalo bondeni wanalisimulia mpaka leo: Mzee Kobe alikimbia. Si mbio za swala. Lakini alikimbia. Wazee wakamsaidia kubeba zile fomu, zikapangwa chini yake moja juu ya nyingine, majani katikati, naye akashusha gamba lake juu yake: kop!

Ndipo likadondoka. Tii! Tone la kwanza la masika, katikati ya pua ya Bwana Kiboko.

Bwana Kiboko akalitazama lile tone kwa macho yote mawili. Uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha mlango wazi.

"Yangeyange," akasema. "Nimesema nini?"

"Umesema walikuwa wako, bosi."

"Wote?"

"Wote. Na umesaini."

"Nafuta! Mzee Kobe, nafuta maneno yangu! Siwajui hawa!"

Kutoka ndani ya gamba ikasikika sauti. "Inawezekana... kufuta. Kama... hawakuwa... wako... basi... shamba..."

"Nipo!" akasema Ngiri kutoka kichakani. "Na kamba ninayo!"

Bwana Kiboko akamtazama Ngiri, akawatazama wazee, akamtazama Bi Pimbi. Kisha akageuka, akashuka ukingo kwa heshima zote alizobaki nazo, ndi, ndi, ndi.

Chubwi!

Kabla maji hayajajaa njiani, pishi kumi na mbili za Bi Pimbi zilipanda mwambani migongoni mwa Ndezi na wenzake, na za kwao zikaenda kila mmoja alikotaka. Dada yake alikuwa mlangoni vilevile. Aliuona ule mpunga. Aliingia ndani akatoa sufuria, akaipuliza vumbi. Usiku wakala wali, na mvua inapiga mwamba, nao wakacheka mpaka Bi Pimbi akapata sauti kidogo: "Kwi!" Moja tu. Ilitosha.

Ngiri je? Ngiri alipewa na Mzee Kobe kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe kando ya mto, na Bi Pimbi akampa pishi moja ya mbegu kwa kazi yake ya kuvuta kamba. Mpaka leo hutembea mkia juu, anapima.

Na wiki moja baada ya mvua, Yangeyange alipanda mwambani peke yake. Alitazama nyuma mara mbili, kisha akanong'ona, "Bi Pimbi, samahani. Ule udongo unachimbwa wapi?"

Sasa mnaniuliza, ngano hii ina funzo gani? Funzo lipo, tena ni zuri sana, kila mtu alishike. Ukitaka mkubwa wako wa zamani akusainie fomu, usihangaike. Usiende kwake mara kwa mara, usibishane naye, na wala usizungumze na majirani. Kaa kimya, uwe na adabu, subiri, naye atatoka mwenyewe kuja kukutafuta, mchana kweupe, mbio, na mguu ameunyoosha tayari. Si mlimwona Bwana Kiboko? Mwenyewe anasema hivyo hivyo mpaka leo: yeye ndiye bosi mwema kuliko wote mtoni, hakuna fomu aliyokataa, na siku moja aliwasainia watu kumi bila hata kuombwa.

Mnacheka nini? Nimesema ndilo funzo.

Hapo hadithi yangu imekauka. Nimeikanda mimi, mwaikanyage nyinyi. Mwenye mguu aache unyayo, na mwenye masikio ayatoe majini.

— Tumeyatoa!

Haya. Kalaleni.